Tundu Jekundu Chini ya Kidevu

Mimi ni mtu wa kushuku, wala sioni haya kulisema. Nikiletewa chai, namtazama kwanza aliyeileta, kisha naitazama chai. Fundi viatu akiniambia kesho, mimi nahesabu mtondo. Marehemu mume wangu alikuwa akisema nilizaliwa jicho moja likiwa wazi ili nimwone mkunga anafanya nini. Labda. Lakini nimefanya kazi kwenye jumba la makumbusho miaka ishirini na sita bila kuibiwa hata kalamu, na wenzangu wasioshuku wameibiwa mpaka miavuli.

Kazi yangu ni kutengeneza watu wa kale. Napewa mfupa wa zamani uliokwisha kuwa jiwe, nautolea nakala ya plasta, nakala naijengea nyama ya udongo, juu ya udongo naivika ngozi ya mpira, kisha nywele moja moja na macho ya kioo. Mgeni akiingia ukumbini anakutana na mtu kabisa. Ujuzi huu sikuupata chuoni. Baba yetu alikuwa fundi wa meno ya bandia, na chumba chake cha kazi kilipakana na jiko letu, kwa hiyo mimi na kaka yangu tulikulia kwenye vumbi la plasta. Tulijua kuchukua umbo la kinywa cha mtu kabla hatujajua kusoma saa.

Kaka naye yuko hapohapo makumbusho. Ndiye mtunza stoo. Kabati la chuma lenye mifupa halisi lina ufunguo mmoja tu, naye huuvaa shingoni kwa kamba, chini ya shati. Amenizidi miaka minne. Tulipokuwa wadogo mama alimwamuru anishike mkono tukivuka barabara kwenda shule, na mpaka leo, mimi mwenye wajukuu, tukitoka kazini tukifika ukingo wa barabara, mkono wake unakuja wenyewe. Huwa naupiga kofi.

"Kaka, nina miaka hamsini na mitatu."

"Gari halijui," ananijibu, na kunishika ananishika.

Mwaka ule tulikuwa tunaandaa ukumbi mpya unaoonyesha jinsi mtu alivyopata kuwa mtu. Sanamu tano kwa mstari. Wa kwanza amesimama kwa miguu miwili, lakini mikono yake mirefu inaning'inia kama hajui aiweke wapi. Wa pili ameshika jiwe alilolichonga. Wa tatu anaota moto. Wa nne uso wake umekwisha kupungua na taya limekuwa dogo. Wa tano tulimwita Bibi, habari zake nitazieleza. Mkuu wetu, mwanamke msomi mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine aliyoisahau kichwani, ndiye aliyeandika mabango. Tuliposimama, mikono ikapata nafasi ya kubeba. Tulipopika, chakula kikalainika, meno na taya vikapungua. Utoto wetu ukarefuka kuliko wa mnyama yeyote wa jamaa zetu, ndiyo maana mtoto wa miaka kumi bado anatafutiwa soksi na mama yake. Mimi nilikuwa na maelezo yangu. Nilimwambia mtu alisimama ili aone nani anakuja, na moto aliuwasha ili amwone vizuri anayekula naye. Mkuu akacheka, akasema hayo hayaandikiki ukutani.

Dada wa usafi alipita na ndoo yake, akamzunguka yule wa kwanza, akamtazama nyuma kwa makini. "Nyani haoni kundule," akasema, "ila nyinyi hili mmeamua walione watu wote."

Sasa Bibi. Yeye alitokana na mfupa mmoja tu, taya la chini, dogo la kutosha kiganjani, rangi ya maharage yaliyoiva. Lilikuwa ndicho kitu cha thamani kuliko vyote tulivyokuwa navyo, kwa sababu mbili. Kwanza lilikuwa na kidevu. Watu hawajui kwamba kidevu ni mali ya binadamu peke yake. Mtazame sokwe: chini ya mdomo taya lake linarudi nyuma moja kwa moja. Sisi tu ndio tuna kile kinundu cha mbele, na wataalamu mpaka leo hawajakubaliana kilitoka wapi. Wapo wanaosema kilibaki baada ya uso kupungua, kama kizingiti kinavyobaki nyumba ikivunjwa. Wapo wanaosema vingine. Nikiona wasomi hawaelewani juu ya kitu ambacho kila mmoja wao anakinyoa au kukipaka poda asubuhi, najua nina haki ya kushuku.

Sababu ya pili ilikuwa meno. Hayakuwapo, isipokuwa mawili ya pembeni, na mashimo ya yale mengine yalikuwa yamejiziba kwa mfupa. Mfupa wa maiti haujizibi. Maana yake yule mama aliishi miaka mingi baada ya kung'oka meno, zama ambazo hapakuwa na uji wala kinu.

"Kuna mtu alimtafunia," Mkuu aliniambia, na sauti yake ilikuwa imelegea. "Miaka na miaka. Hilo ndilo nataka wageni waondoke nalo."

"Au alikuwa anajua siri ya mtu," nikasema.

"Wewe!"

Tulibishana naye pia kuhusu macho. Macho hayaachi mfupa, hivyo hakuna ajuaye. Jamaa zetu wa porini wengi wana kahawia mpaka pembeni mwa jicho, huwezi kujua kwa urahisi wanatazama wapi. Binadamu ana weupe mkubwa, na weupe ule unamtangaza: akiangalia mkate, mnajua anaangalia mkate. Mkuu alitaka Bibi awe na weupe. Wapo wataalamu wanaosema jicho la namna hii lilitusaidia kuelewana bila maneno, na Mkuu alikuwa upande wao. Mimi nilitaka kahawia tupu. Mtu mwenye akili, nilisema, hawezi kuota jicho linalomchongea. Mkuu akanijibu kwamba kikongwe asiye na meno alihitaji wenzake waone anatazama chakula gani. Sikumkubalia. Nikamwachia Bibi matundu matupu ya macho mpaka tutakapoafikiana.

Ninayo kanuni moja ambayo siivunji. Kila nakala ninayotengeneza huitoboa tundu dogo chini ya kidevu, ukubwa wa punje ya mtama, na ndani yake napaka rangi nyekundu. Nakala zangu zinafanana mno na mifupa yenyewe. Hiyo ndiyo sifa yangu na hiyo ndiyo hatari yake. Tundu jekundu ni nakala. Kisicho na tundu ni mfupa. Hata dada wa usafi anajua.

Siku nilipomaliza kupaka rangi nakala ya taya la Bibi, Mkuu alileta wageni saba kwenye karakana yangu. Nikaona nijitape kidogo kabla sijatoboa. Nilitandika kitambaa cheusi, nikaweka mfupa na nakala bega kwa bega, nikawaambia wachague. Walivinyanyua, wakavipima uzito. Nilikuwa nimelaza vipande vya waya ndani ya plasta ili hata uzito ulingane. Mmoja alinusa kabisa. Kati ya saba, watano walikosea, na kichwa kikanivimba. Kaka alikuwa mlangoni na trei yake, anangoja kuurudisha mfupa kabatini.

"Mdogo wangu," alisema, "sikujua kama unaweza kudanganya watu kiasi hiki." Akacheka huku ameziba mdomo kwa mkono.

Wageni walipokwenda kwenye chai, kaka alichukua mfupa wake akaenda kuufungia, nami nikakaa na nakala yangu nikaitoboa tundu. Ndipo nilipogundua muuza plasta ananifanya mjinga. Badala ya unga mweupe vumbi lilitoka la kijivu, na ncha ya drili ikawa butu. Nilimpigia simu palepale, nikamwambia mchanga wake awapelekee wajenzi, na mimi na yeye basi. Aliapa kwa watoto wake. Wote huapa kwa watoto wao.

Miezi mitatu baadaye, Jumatatu ya wiki ya ufunguzi, alikuja mpimaji kutoka chuo kikuu cha mbali. Kaka alimfungulia kabati, akamtolea taya. Yule bwana akalipima kwa vyombo vyake, akaandika, akaweka lenzi jichoni, kisha akaligeuzageuza muda ambao chai ingepoa. Mwishowe akamwita Mkuu. Kwenye shina la jino moja kati ya yale mawili kulikuwa na kipovu cha hewa. Mfupa hauna vipovu vya hewa. Kile kilichokuwa kabatini kilikuwa plasta.

Mkuu alituita ofisini, mimi na kaka. Taya la plasta lilikuwa juu ya meza, limelazwa chali. Chini ya kidevu hapakuwa na tundu.

"Nakala yangu iko ndani ya uso wa Bibi," nilisema kabla sijaulizwa. "Ina tundu lake jekundu. Nyote mliliona siku naifunga kwenye fuvu la kubuni. Mtu ametengeneza nyingine kwa siri, akaiweka hapa, akaondoka na mfupa."

"Ametengeneza kwa nini?"

"Kwa kalibu yangu, ile ya mpira niliyomiminia nakala. Iko stoo."

Mkuu akavua miwani. "Na zaidi yako, nani humu ndani anajua kumimina plasta?"

Nilinyamaza. Lakini macho hayanyamazi. Yalikuwa yamekwisha kwenda kwa kaka kabla sijayazuia, na nilipomwona, yeye hakuwa ananitazama usoni. Alikuwa anatazama mikono yangu. Alipoona nimemwona akageukia dirisha.

Mkuu alisema anatupa muda mpaka Ijumaa saa sita mchana. Mfupa ukirudi, hatauliza umetoka wapi. Usiporudi, atawaita polisi, nao wataanza na mwenye ufunguo. "Na huenda wasiende mbali zaidi," aliongeza. Kaka alikuwa amebakiza miezi minane kustaafu. Miaka thelathini na moja ya kufungua na kufunga kabati lile, halafu atoke mlango wa nyuma amefungwa pingu.

Jumanne nilimchunguza. Tangu asubuhi hakuja kunywa chai karakana, yeye ambaye hajakosa tangu niajiriwe. Tulipokutana kwenye korido macho yake yalitua mikononi mwangu tena, yakakimbia. Halafu ule mkono mdomoni. Nikakumbuka kwamba miezi kadhaa sasa kaka haongei nami bila kuziba mdomo, kama mtu anayezuia jambo lisimtoke. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea, na methali ile ilinichoma kwa sababu nguo zenyewe tulikuwa tukirithishana.

Alipokwenda kula mchana, niliingia stoo. Sikutafuta sana. Nyuma ya maboksi ya mabango ya zamani kulikuwa na mfuko, na ndani ya mfuko pakiti ya plasta iliyofunguliwa, bakuli dogo la mpira la kukorogea, na mwiko mdogo wa baba, ule wenye mpini uliofungwa uzi. Nilikaa chini palepale kwenye sakafu nikalia. Nilimpenda yule mtu kuliko mtu yeyote aliyebaki duniani, na sasa nilijua ni mwizi.

Niliwaza usiku kucha. Wapo watu wanaopenda kuweka vitu kama vile kwenye makabati yao nyumbani. Labda mmoja wao alikuwa amemrubuni. Akikamatwa na polisi, kwisha. Lakini Mkuu akijua mapema, na akimbana yeye mwenyewe, kaka atalegea, atalirudisha, na mambo yataishia ofisini. Kwa hiyo nilijiambia namwokoa. Sehemu nyingine ya moyo ilikuwa inajiokoa yenyewe, maana mtu wa pili kwenye orodha ya Mkuu nilikuwa mimi. Hilo nalisema leo. Siku ile sikulisema hata kwa mto wangu.

Jumatano asubuhi nilikaa mbele ya Mkuu nikaandika karatasi moja. Kwamba kaka yangu amefunzwa kazi ya plasta na baba yetu. Kwamba kalibu na ufunguo vyote viko mikononi mwake. Kwamba nimekuta plasta na vifaa amevificha stoo. Kwamba namfahamu, na tangu Jumatatu hawezi kunitazama machoni. Mistari kumi na miwili. Nikatia sahihi.

Alhamisi Mkuu alimwita. Mlango wa ofisi yake una kioo, nami nilijikuta natafuta jambo la kufanya kwenye korido. Nilimwona kaka amepewa karatasi. Alisoma polepole, alikuwa hana miwani yake. Alipomaliza akairudia tena kutoka juu. Kisha akaomba kalamu. Akainama, akaandika kidogo, akasimama, akavua ile kamba shingoni na kuuweka ufunguo mezani.

Amekiri, nikawaza. Na Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichosikia rohoni kilikuwa raha ya mtu anayesema, si niliwaambia?

Muda mfupi baadaye kaka alikuja karakana, mara ya kwanza wiki ile. Akafunga mlango. Bibi alikuwa kwenye kigoda chake katikati ya chumba, ngozi yake imekamilika, nywele za mvi zote zimepandwa, matundu ya macho matupu. Kaka akavuta stuli akakaa.

"Nimemaliza, mdogo wangu," alisema. "Nimewaambia ni mimi. Sasa lirudishe. Liweke popote, hata ndani ya ndoo ya usafi. Watalikuta, na mimi sitafungwa muda mrefu."

"Nirudishe nini?"

"Usinifanyie hivyo. Mimi si Mkuu."

"Kaka!" Sauti ilinipanda. "Wewe ndiye uliyelichukua! Nimeona plasta yako nyuma ya maboksi, nimeona mwiko wa baba!"

Akanitazama, kisha akacheka, na safari hii hakuziba mdomo. Meno matatu ya mbele chini hayakuwapo. "Yameng'oka tangu mvua zilizopita. Natengeneza ya bandia. Nilitaka siku ya ufunguzi nicheke kama watu. Nimeharibu mara nne, unajua baba alivyokuwa akiyavunja niliyoyatengeneza mimi."

Niliona aibu, lakini hasira ilikuwa karibu zaidi. "Basi kwa nini tangu Jumatatu unanitazama mikono?"

"Nitazame nini? Kile kitu cha kabatini ni kazi ya mikono hiyo. Hakina tundu, sawa. Lakini naijua kazi yako. Ukingo unaozunguka jino umeulainisha kwa kidole kidogo, kama baba. Duniani hakuna mwingine anayefanya vile. Nikajua umetengeneza ya pili. Sikuuliza kwa nini."

"Sijatengeneza ya pili! Nimemimina moja, kaka. Moja tu!"

"Moja tu?"

"Kwa roho ya mama."

Macho yake yakanitoka mimi, yakapita juu ya bega langu na kutulia. Sikuhitaji kumuuliza anatazama nini. Niligeuka nikafuata macho yake, na mwisho wa macho yake alikuwapo Bibi.

Nikakumbuka vumbi la kijivu.

Sijui nilisimama vipi. Nakumbuka nilikuwa nasema, "Kitambaa. Wageni walivishika. Walivirudisha upande usio wake," nikirudia kama mlevi. Wageni saba walikuwa wamenyanyua na kuweka, kunyanyua na kuweka, nami niliyejua kushuku chai nilikunja mikono nikicheka. Kaka alichukua plasta akaifungia. Mimi nikachukua drili. Jiwe lilikuwa limenililia vumbi lake la kijivu, limeniharibia ncha, na mimi nikampigia simu mtu wa watu nikamwita mwizi. Halafu nikapaka rangi nyekundu, na baada ya ile rangi hakuna aliyetazama tena, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimewafundisha wote kwamba tundu jekundu ni nakala.

Nilichukua kisu. Uso ule ulikuwa umenichukua miezi mitatu, mikunjo yake nilikuwa naijua kuliko yangu. Nilikata chini ya sikio moja mpaka chini ya sikio jingine. Ngozi ya mpira ikafunuka, nikatoa udongo kwa vidole, donge kwa donge, kaka akipokea na kuweka kwenye gazeti. Taya likatokea. Nililigeuza kwenye mwanga wa dirisha, nikakwangua rangi kwa sindano. Ukuta wa tundu ulikuwa kijivu, mgumu, unang'aa kidogo. Nilikuwa nimemtoboa Bibi mwenyewe. Mfupa uliokaa salama ardhini muda ambao mimi siwezi kuuhesabu, umekuja kupata jeraha mezani kwangu, kwa mkono wangu, siku ninayojisifu.

Masikio yaliniwaka. Mkuu alikuwa na bango moja kuhusu hilo, kwamba uso kuwaka kwa aibu nako ni kwetu sisi tu. Nilikuwa nimelidharau. Nilisema ni kitu gani hicho, mwili kumwambia adui kwamba umekosa.

"Linaweza kuzibwa," kaka alisema taratibu. "Mimi nimeshakiri. Nitasema nililificha, nikalitoboa ili lionekane nakala. Wewe tengeneza uso mpya. Nani atajua?"

"Nyamaza," nilimwambia. "Nyamaza, kaka yangu."

Nililifunga taya kwenye kile kitambaa cheusi, nikaenda peke yangu. Nilimwambia Mkuu kila kitu nikiwa nimesimama. Alilishika taya kwa mikono miwili, akaliweka chini ya taa, akaweka kidole karibu na tundu bila kuligusa. Machozi yalimlengalenga na hakuyaficha. Kisha akafungua droo akanipa karatasi.

"Hii haina kazi tena," alisema.

Ilikuwa karatasi yangu. Mistari yangu kumi na miwili, wino wa buluu, sahihi yangu. Na chini ya sahihi, kwa herufi kubwakubwa za mtu asiye na miwani, mstari mmoja: Aliyoandika mdogo wangu yote ni kweli. Halafu jina lake.

Nilikuwa nimedhani ameandika ya kwake, kwenye karatasi yake. Alikuwa amesoma yangu, mara mbili, neno kwa neno: ufunguo, plasta, hawezi kunitazama machoni. Akaamini mimi nimeiba, akaona nimemgeuzia yeye, na akaomba kalamu.

"Nilimwambia asome vizuri kabla ya kusaini," Mkuu alisema. "Akaniambia mwandiko huu hauwezi kumshinda, ndiye aliyekufundisha."

Ukumbi ulifunguliwa Jumamosi na sanamu nne. Mimi nilipewa barua ya onyo, na nikapigwa marufuku kugusa mfupa halisi bila mtu wa pili kusimama kando, jambo ambalo ningekuwa Mkuu ningelifanya siku nyingi. Taya lilirudi kabatini na tundu lake; halizibiki bila kuongeza uongo mwingine. Muuza plasta nilimpigia kumwomba radhi, akaniuliza kwa upole kama naendelea vizuri nyumbani. Bibi alichukua wiki sita kupata uso mpya. Nilimwekea macho yenye weupe, na Mkuu aliyaona, akapita zake.

Lakini yote hayo yalikuja baadaye. Alhamisi ile kengele ya kutoka ilipolia, kaka aliningojea getini kama kawaida, ufunguo umerudi shingoni. Tulitembea mpaka ukingo wa barabara. Magari yalikuwa mengi. Nilingoja mkono wake uje wenyewe, haukuja. Ulikuwa mfukoni.

"Umeichana ile karatasi?" aliniuliza, akitazama magari.

"Bado."

"Ichane."

"Kaka, kwa nini uliweka sahihi? Ulikuwa umesoma nilichokuandikia."

"Mama alisema nikushike mkono tukivuka. Hakusema nikuulize kwanza unatoka wapi."

Nikautoa mkono wangu, nikaunyoosha kwake. Una vumbi la plasta kwenye mikunjo, hauondoki hata kwa sabuni. Kaka aliinamisha macho akautazama. Niliona vizuri kabisa anatazama wapi, weupe wa jicho lake ulinionyesha, na kwa mara ya kwanza maishani nilijua kwamba huo ndio mwisho wa ushahidi wa jicho: linasema wapi, halisemi kwa nini. Nikabaki nimeunyoosha hivyohivyo, watu wakitupita.

Magari yalipopungua, aliutoa wake mfukoni akanishika.